Akatwe Alama kwa Kijineno? Mjadala

Kwenye milango ya ofisi za shule nyingi za Afrika Mashariki hukosi kibao cha namna hii: "Any student is not allowed to enter without permission." Kila anayekisoma anakielewa. Mwanafunzi asiye na ruhusa anageuza, mwenye nayo anabisha hodi. Mwingereza angeandika "No student is allowed", kwa sababu kwao "any" hutanguliwa na ukanushi, haiutangulii. Kwetu "mwanafunzi yeyote haruhusiwi" ni Kiswahili safi, na kibao kimekifuata hicho neno kwa neno. Sasa aliyekiandika angekuwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne, akatwe alama au aachwe?

Wanasarufi huyaita vibainishi: yale maneno mafupi ya Kiingereza yanayokaa mbele ya nomino na kusema ni ipi, au ni ngapi. A, the, some, any, few, much, every, all na ndugu zao. Nimewakutanisha kwenye ukurasa huu watu wanne wabishane juu yake. Msiwatafute majina, kwa maana ni sauti za kazi. Mwalimu amefundisha Kiingereza katika sekondari za Tanzania na sasa anakaribia kustaafu. Mwanaisimu ni msichana wa chuo kikuu, angali na joto la tasnifu yake. Mhariri hupitisha kurasa za gazeti la Kiingereza jijini Nairobi. Wakili huandika mikataba, na hufika amechelewa. Hoja iliyo mezani ni kwamba kila kosa la kibainishi likatwe alama. Mimi nitaingilia nikiona panafaa.

MWALIMU: Likatwe. Wala sisemi hivyo kwa ukali wa uzee. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza anakuta fizikia na jiografia vimegeuka Kiingereza. Hana mtaa wa kumsahihisha. Akichanganya "few" na "a few" nyumbani, hakuna shangazi wa kumwambia sivyo. Pahali pekee atakapoambiwa ni kwenye daftari lake, kwa kalamu yangu nyekundu. Nikilegeza mimi, nani atamwambia?

MWANAISIMU: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, nipinge.

MWANAISIMU: Nimekuja kukupunguzia kazi, si kukupinga. Ugomvi huu una historia. Mwaka 1990 Randolph Quirk, mmoja wa waandishi wa ile sarufi nene ya Kiingereza ya 1985, aliandika katika jarida la English Today akitaka wanafunzi wa dunia nzima wafundishwe kiwango kimoja, kile cha wenye lugha. Mwaka uliofuata, katika jarida hilo hilo, Braj Kachru akamjibu. Kachru alikuwa mtu wa Kashmir aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Illinois, na hoja yake ilikuwa kwamba Kiingereza cha India, cha Nigeria au cha Singapore kina wenyewe na kina kanuni zake, hakisubiri kibali cha London. Chukua "equipments", "furnitures", "staffs". Utayakuta Lagos, Accra, Mumbai na Nairobi. Watu wasiofahamiana wakijikwaa wote mahali pamoja, mimi nashuku shimo liko barabarani, si ugonjwa wa miguu yao.

MHARIRI: Mimi hulifukia shimo hilo kila usiku kabla gazeti halijaenda mitamboni, na siwezi kumwita mwandishi wangu mjinga. Kifaa kimoja, vifaa viwili. Mzigo mmoja, mizigo mitatu. Kwa akili ya kawaida vitu hivi vinahesabika. Mwingereza ndiye aliyeamua kuwa "suitcase" inahesabika lakini "luggage" haihesabiki, ilhali mpagazi amebeba kitu kile kile. Hapo hakuna mantiki ya kumfundisha mtu, ni kukariri tu. Naondoa ile "s" kwa sababu wasomaji wangu wataandika barua za kulalamika, basi.

MWALIMU: Kwa hiyo unaiondoa.

MHARIRI: Naiondoa, lakini simkati mtu mshahara.

MWALIMU: Mnanipeleka kwenye "equipments" kwa sababu ndipo mnaposhinda. Njooni kwenye "few". Mwanafunzi kaandika ripoti ya mkutano wa kijiji: "Few villagers attended the meeting." Namuuliza, walikuja wangapi? Ananijibu kwamba walikuja watu kadhaa, mabenchi ya mbele yote yalijaa. Lakini sentensi yake inamwambia msomaji wa Kiingereza kuwa wanakijiji waliususia mkutano. Angeongeza "a" tu, "a few villagers", mabenchi yangejaa. Mwingine anaandika barua ya kumwombea mwenzake kazi: "I have little doubt about his honesty", amemsifu. Aiandike "I have a little doubt", amemzika. Herufi moja! Hiyo nayo utaniambia ni Kiingereza cha Afrika Mashariki?

MWANAISIMU: Hilo ni kosa, nakubali bila kung'ang'ana. Mtu amesema asichokusudia. Ninachobisha ni jinsi tunavyolieleza. Vitabu humwambia mwanafunzi kwamba "few" ni hasi na "a few" ni chanya, naye anabaki anatazama. Mwambie hivi: "few" ni "wachache tu", "a few" ni "kadhaa". Wachache tu walikuja. Watu kadhaa walikuja. Mtoto wa Kidato cha Pili hawezi kuzichanganya sentensi hizo mbili hata umwamshe usiku wa manane. Tofauti anayo tayari, kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba anayo.

MWALIMU: Na ile amri ya kuongea Kiingereza tupu ndani ya eneo la shule? Nitamwonyesha kwa lugha gani?

Swali hilo Mwanaisimu hakulijibu, na sidhani lina jibu la heshima. Shule nyingi za Kenya na Tanzania zimeweka amri hiyo, na zipo zilizowavisha watoto vibao vya aibu shingoni kwa kusema Kiswahili. Mwalimu aliyekatazwa kutumia lugha ambayo tofauti imekaa ndani yake analazimika kuieleza kwa lugha ambayo mwanafunzi bado hanayo.

MHARIRI: Mnaonaje kuhusu "others"? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. "Others came by bus, others walked." Nalikuta kwenye taarifa za polisi, kwenye hotuba, kwenye nakala za waandishi wenye shahada mbili.

MWANAISIMU: Hiyo ni "wengine". Wengine walikuja kwa basi, wengine kwa miguu. Kiswahili hutumia neno moja pande zote mbili. Kiingereza hutaka "some" kwa kundi la kwanza, kisha ndipo "others" kwa waliobaki. "Others" haiwezi kufungua mlango, lazima kuwe na watu waliokwisha kutajwa.

MHARIRI: Sawa kabisa, na kwenye habari ya ajali si mchezo. Mwandishi analeta aya ya kwanza: "Others were taken to hospital." Anamaanisha baadhi ya abiria walipelekwa hospitali. Msomaji aliye Kisumu, ambaye nduguye alipanda basi lile, anasoma "others" na papo hapo anajiuliza: na wale wa kwanza je? Wamekufa? Anarudi juu kutafuta idadi ya maiti, haipo. Nimewahi kupigia simu mwandishi saa nne za usiku kumuuliza kama kuna waliofariki. Hakukuwa na hata mmoja. Kulikuwa na "wengine" tu.

MWALIMU: Umeona? Katwa!

MHARIRI: Hiyo nakubali, katwa.

Hapa niseme neno. Mpaka sasa wanakubaliana kuliko wanavyojua. "Equipments" haijampotosha msomaji yeyote aliyepata kuishi. "Few" na "others" zimeshampotosha msomaji wa Kisumu na msomaji wa ripoti ya kijiji. Kalamu nyekundu inazikata zote kwa alama ile ile, na hapo ndipo ninapoona kasoro ya hoja ya Mwalimu, ingawa moyo wake niko nao. Lakini Mwanaisimu alitaka kwenda mbali zaidi.

MWANAISIMU: Niwape mfano mkubwa kuliko yote. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong anakanyaga Mwezi. Alikusudia kusema hatua ile ni ndogo kwa mtu mmoja, "for a man", na ni kubwa kwa wanadamu wote. Kilichosikika duniani ni "for man", bila "a". Na "man" bila "a" maana yake ni binadamu kwa jumla. Kwa sarufi kavu, basi, alitamka kwamba hatua hiyo ni ndogo kwa binadamu na kubwa kwa binadamu. Mwenyewe alishikilia kwamba alikusudia kuiweka. Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta wa Australia, Peter Shann Ford, alichambua sauti ile akadai ameiona "a" iliyomezwa; wengine wakaisikiliza tena wasiione. Lakini mamilioni waliokuwa mbele ya redio na televisheni walielewa, hakuna aliyeuliza swali. Kibainishi cha sentensi mashuhuri kuliko zote za karne ile kilipotea, na dunia haikutikisika.

MHARIRI: Huo mfano mzuri.

MWANAISIMU: Barbara Seidlhofer wa Chuo Kikuu cha Vienna amechunguza Kiingereza kinachosemwa na wasio wenyewe wanapokutana, Mkorea na Mbrazili, Mturuki na Mfini. Miongoni mwa mambo ambayo kwa kawaida hayaharibu maelewano alitaja hili hili: kuacha "a" na "the" pale zinapotakiwa, na kuziweka pale zisipotakiwa. Sasa Mwalimu anatumia vipindi vingapi kwenye "the"?

MWALIMU: Vingi mno. Na bado wananiandikia "The life is hard".

Wakati huo ndipo Wakili alipoingia, akasalimia, akaomba radhi kwa foleni ya barabarani.

WAKILI: Nimesikia mwishoni hapo kwamba "the" haina kazi. Kuna watu wangefurahi kama ingekuwa hivyo. Tarehe 22 Novemba 1967, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 242, kufuatia vita vya siku sita vya Juni. Wajumbe wote 15 waliliunga mkono. Rasimu iliyopitishwa ilikuwa ya Uingereza, iliyowasilishwa na balozi wao, Lord Caradon. Azimio linataka majeshi ya Israel yaondoke, kwa Kiingereza, "from territories occupied in the recent conflict". Angalieni: "territories", si "the territories", wala "all the territories". Toka maeneo yaliyotekwa. Maeneo yapi? Yote, au baadhi?

MWANAISIMU: Kwa Kiswahili usingejua pia. "Maeneo yaliyotekwa" yanaweza kuwa yote.

WAKILI: Ndiyo maana Kiswahili kingewafaa wanadiplomasia. Lakini Kiingereza kina "the", na kwa kuwa ipo, kutokuwepo kwake kunasomwa. Upande wa Israel ukasema: haikuwekwa, kwa hiyo hatukuambiwa tutoke kote. Upande wa Waarabu ukasema: utangulizi wa azimio hilo hilo unakataza kujipatia ardhi kwa vita, na nakala ya Kifaransa ina "des territoires", ambayo ni rahisi kusomeka kama "kutoka katika maeneo hayo", yote. Caradon mwenyewe alieleza baadaye kuwa "the" haikuachwa kwa bahati mbaya. Mipaka ya zamani aliiona haifai kuganda vile vile, akaacha nafasi ya kuirekebisha. Wanasheria wameandika vitabu juu ya nafasi hiyo tupu. Zaidi ya nusu karne sasa, na bado inabishaniwa.

MWALIMU: Nafasi tupu!

WAKILI: Naam. Herufi tatu ambazo hazikuandikwa.

MWANAISIMU: Wakili msomi, kwa heshima zote, ni wanafunzi wangapi wa Mwalimu watakaoandika azimio la Baraza la Usalama?

WAKILI: Pengine hakuna. Lakini wengi wao wataweka sahihi kwenye karatasi ya mkopo. Chukua mdhamini. Shemeji yake anakopa kununua pikipiki, anamwomba amdhamini, naye anakubali. Fomu ya Kiingereza inaweza kusema anadhamini "the debt", deni hilo, la pikipiki. Au inaweza kusema anadhamini "any and all debts of the borrower", madeni yoyote na yote ya mkopaji. Miaka miwili baadaye shemeji kachukua mkopo wa pili ambao mdhamini hakuusikia hata kwa fununu, kashindwa kulipa, na mdaiwa anayetafutwa ni mdhamini. Hati za aina hiyo zipo na ni za kawaida. Au bima ya gari: "any driver" inamkinga yeyote utakayemkabidhi ufunguo, "the named driver" inamkinga aliyeandikwa jina peke yake. Mpwa wako akiligonga, utatamani ungelisoma neno moja.

MHARIRI: Kwa hiyo Armstrong alisamehewa, azimio la 242 halikusamehewa.

WAKILI: Armstrong alisikilizwa na watu waliompenda. Nani alikuwa anatafuta kumtega? Azimio lilisomwa na mahasimu wawili, kila mmoja akitafuta pa kupenyea. Msomaji rafiki hukujazia kilichopungua. Msomaji adui hukifanya mali yake.

MWANAISIMU: Lakini nyinyi mawakili nanyi hamjiamini. Sheria za tafsiri, Tanzania na Kenya, si zinasema maneno ya umoja yachukuliwe kuwa ni pamoja na wingi?

WAKILI: Zinasema, ni kweli. Tumejikinga kwenye sheria zilizotungwa na Bunge. Mkataba wako wa pikipiki haukutungwa na Bunge.

Nadhani Wakili ndiye aliyeupata mshipa wa jambo hili, na nitayapeleka maneno yake mbali kuliko yeye alivyoyatumia. Mwanaisimu ana haki kwa Kiingereza cha marafiki: mazungumzo ya hotelini, mkutano wa wahandisi wa nchi tano, ujumbe wa simu kwa mteja wa Dubai. Huko kibainishi kikianguka kinaokotwa na msikilizaji. Mwalimu ana haki kwa Kiingereza cha asiyekutakia mema, au asiyekujua tu: hati ya mdhamini, masharti ya bima, maelezo ya polisi, maagizo ya dawa. Ubaya ni kwamba mitihani yetu haipimi hata kimoja. Inampa mwanafunzi sentensi yenye pengo, "There isn't ___ milk in the jug", ajaze "any", apate alama yake, aende. Hakuna anayempa barua mbili na kumuuliza katika ipi kati ya hizo atadaiwa na benki.

MWALIMU: Tuseme nakubali. Muda nitautoa wapi? Na huyu msichana amesema tofauti mwanafunzi anayo tayari kwenye Kiswahili, lakini ya "the" hana. Kiswahili hakina "the".

MWANAISIMU: Neno hilo hakina, kazi yake kinayo. Mwalimu, hadithi zetu zinaanzaje?

MWALIMU: Hapo zamani za kale paliondokea mzee mmoja.

MWANAISIMU: Mmoja. Hukuwa unahesabu wazee, sivyo? Unamtambulisha mtu ambaye msikilizaji hamjui. Sentensi inayofuata?

MWALIMU: Mzee huyo alikuwa na binti. Yule binti akakua…

MWANAISIMU: "Mzee mmoja" ni "an old man". "Mzee huyo", "yule binti", ni "the". Kiingereza nacho kilipita njia hiyo hiyo: "an" yao ilitokana na neno lao la kale la "moja", na "the" ilitokana na kionyeshi chao cha "yule". Sisi hatukulazimisha neno hilo katika kila sentensi, wao wakalazimisha. Na si hadithi tu. Mtu akikwambia "Nimenunua gari", utamuuliza gari gani. Akikwambia "Nimelinunua lile gari", utamwambia "Hatimaye!", kwa sababu unalijua. "Kuna mgeni mlangoni", mgeni yeyote. "Mgeni yupo mlangoni", ni yule tuliyemsubiri. Mwanasarufi Ashton aliligusa jambo hili la kionyeshi kutangulia nomino katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944. Mwanafunzi wako anafanya tofauti ya "a" na "the" tangu alipoanza kusimuliwa hadithi. Mwambie tu kwamba Mwingereza huiandika kila mara, sisi huiandika tunapoihitaji.

MWALIMU: Mwanangu, hilo nalichukua. Ningelijua mapema… Haya, na "some of students"? Kila insha.

MWANAISIMU: Baadhi ya wanafunzi. "Ya" imegeuka "of". Kiingereza kinasema "some students", au "some of the students" wanaojulikana. Ukiweka "of", kundi liwe limeshatajwa, "the" iingie. Na "most of people" ni mtoto wa mama huyo huyo.

MHARIRI: Mbona unamtupia Kiswahili makosa yote? "Every students have" imetoka wapi? Sisi husema kila mwanafunzi ana, umoja mtupu. Hakuna anayesema kila wanafunzi wana.

MWANAISIMU: Hapo umenishika. Hiyo haikutoka kwetu. Mwanafunzi amejifunza kwamba "every" inahusu watu wengi, akaweka wingi. Angeifuata "kila" ya mama yake asingekosea. Hata "all" iliyo na "not" ni hivyo. "All candidates did not pass": walifeli wote, au hawakufaulu wote? Mwingereza anaweza kuisoma kotekote, na ile methali yao ya ving'aavyo na dhahabu huanza na "all" huku ikikusudia "si vyote". Kiswahili kinakutenganishia waziwazi: watahiniwa wote hawakufaulu, au si watahiniwa wote waliofaulu. Ile "si" ikitangulia, umeshajua wapo waliopita.

MHARIRI: Na "less" na "fewer"? Wasomaji wangu wa mtaa wa Karen huandika barua kwa hilo peke yake.

Hili halikuwachukua dakika mbili. Anayedai kwamba "less" haitumiki kamwe kwa vinavyohesabika anafuata upendeleo uliochapishwa na Robert Baker mwaka 1770, naye aliutaja kama jambo ambalo yeye angelipenda zaidi. Waingereza wenyewe walikuwa wakitumia "less" kwa vinavyohesabika tangu maandishi ya Mfalme Alfred, karne ya 9. Mwaka 2008 maduka ya Tesco ya Uingereza, yakiwa yamechoshwa na malalamiko juu ya vibao vya "10 items or less", yaliacha kubishana yakaandika "Up to 10 items". Mhariri akaahidi kuiga mbinu hiyo.

Wenye lugha hawakubaliani hata kwenye mambo mazito zaidi. Mgonjwa wa Uingereza yuko "in hospital", wa Marekani yuko "in the hospital", na wote wanapona. Magazeti mengi yaliiondolea Ukraine ile "the" baada ya uhuru wake wa 1991, kwa kuwa ilisikika kama jina la jimbo badala ya dola. Gambia nayo ilishikilia "The" yake katika jina rasmi la Kiingereza, na mwaka 1964, Zambia ilipokuwa mbioni kupata uhuru, serikali ya Gambia ilisisitiza neno hilo libaki, sababu mojawapo ikiwa watu wasizichanganye nchi hizo mbili. Hii inanifundisha kwamba mwenye "the" anaweza kuwa ni aliyeamua tu kuwa nayo.

MWALIMU: Basi niambieni, kesho asubuhi nina insha za Kidato cha Nne. Nifanye nini?

WAKILI: Kata pale idadi au mhusika anapobadilika. "Few" badala ya "a few". "Others" bila kundi la kwanza. "All… not". "Any" na "the" kwenye masuala ya fedha.

MWANAISIMU: Na "staffs", "equipments", "the life is hard", zungushia duara bila kukata. Ajue kwamba mwajiri fulani atakunja uso, lakini asiambiwe hajui Kiingereza.

MHARIRI: Hapo mimi natofautiana. Kijana huyu ataomba kazi kwangu, na "equipments" ikiwa kwenye barua yake, kuna wenzangu hawatafika aya ya pili. Ni dhuluma, najua. Lakini njaa haisubiri wanaisimu washinde. Mkate nusu alama basi.

MWALIMU: Nusu alama haipo kwenye mwongozo wa usahihishaji.

Hawakuafikiana juu ya nusu alama, na sioni haja ya kuwalazimisha. Hukumu yangu mimi ni hii. Hoja kwamba kila kosa la kibainishi likatwe imeshindwa, kwa sababu inamtendea aliyeandika "furnitures" sawasawa na aliyewaangamiza abiria wa basi zima kwa neno "others". Hoja kwamba vibainishi ni mapambo imeshindwa vibaya zaidi, na mdhamini wa pikipiki ni shahidi. Kibao cha "Any student is not allowed" nakisamehe. Anayetaka kukibadilisha akibadilishe kwa rangi yake mwenyewe.

Kwa watunga mitihani wa Tanzania na Kenya nina ombi moja: punguzeni zile sentensi za kujaza nafasi. Mpeni mtahiniwa fomu ya mkopo ya ukurasa mmoja, yenye "the debt" upande huu na "all debts" upande ule, mwambieni aeleze, kwa Kiswahili ikibidi, ni ipi ambayo hangeiwekea sahihi na kwa nini. Na kwa wakuu wa shule: mruhusuni Mwalimu aseme "kadhaa" na "wachache tu" ndani ya kipindi cha Kiingereza. Ni dakika tano tu.